Nusu Mita ya Woga

Sakafu ya ziwa ilikuwa ikijichora yenyewe. Kwenye kioo kipana mbele ya usukani wa boti Faraja, mabonde na majabali yaliyo chini ya maji yalijitokeza moja baada ya jingine, kabla boti haijayafikia, kila kina kwa rangi yake ya samawati. Hakuna mtu aliyeshika usukani. Mashine iliyoitwa kichoranjia ilichagua yenyewe mahali pa kupita. Ilipinda kushoto kukwepa jabali, ikanyooka tena, na chai katika kikombe cha Nahodha Bwire haikumwagika hata tone.

"Injinia, unakitazama hicho kioo kama mzazi wa mtoto wa kwanza," alisema Bwire.

"Ni mtoto wangu wa kwanza, mzee," Tekla Maregesi alijibu bila kugeuka.

"Haya. Ila watoto wenye kulia usiku wako nyuma yetu."

Tekla alicheka. Nyuma yao, kwa umbali wa dakika nane, ilikuja boti Zawadi, pacha wa Faraja. Zote mbili zilikuwa zimeshushwa majini wiki hiyo hiyo. Faraja ilibeba vitanda na dawa za hospitali. Zawadi ilibeba wanawake kumi na mmoja wajawazito kutoka visiwani, waliokuwa wakipelekwa Mwanza kusubiri siku zao karibu na madaktari. Mmoja wao alikuwa Nyabise, mke wa kaka yake Tekla. Nyabise aliogopa maji tangu utotoni. Alikuwa amekataa safari mara mbili, mpaka Tekla alipokwenda mwenyewe kumkalisha chini na kumwambia, "Wifi, hakuna jiwe katika ziwa hili ambalo ramani yangu hailijui."

Na Tekla mwenyewe aliyaamini maneno hayo. Kila boti katika Ziwa Nyanza ilikuwa na sona tumboni, kifaa kinachopiga sauti kuelekea chini, kikasubiri mwangwi urudi, na kwa kuhesabu muda huo kikajua maji ya chini yake yana kina gani. Zamani kila boti ilisikiliza mwangwi wake peke yake, kisha ikausahau. Tekla na wenzake waliziunganisha sona za boti elfu nne, kila mwangwi ukaingia katika mchoro mmoja walioupa jina la Ramani ya Wote. Kabla ya hapo haukupita mwaka bila watu kuzama kwa boti kupasukia miambani. Tangu Ramani iwashwe ilikuwa miaka mitatu, na hakuna boti hata moja iliyogonga mwamba. Tekla alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na hakuona aibu kusema kwamba sayansi inaweza kuwa namna ya kuwapenda watu.

Waliona wingu walipokaribia Mlango wa Kasisa, njia nyembamba kati ya visiwa viwili vya mawe. Lilisimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, jeusi, refu, likijisokota. Bwire aliweka kikombe chini.

"Visubi," alisema.

Tekla aliwajua visubi, wale wadudu wadogo wanaozaliwa chini ya ziwa na kupanda hewani kwa mamilioni. Lakini tangu maji ya ziwa yazidi kupata joto, mawingu yao yalikuwa yamekua kuliko alivyowahi kuyaona akiwa mtoto. Faraja iliingia ndani ya lile wingu saa sita mchana, na mara mchana ukazimika. Vioo vilifunikwa. Vifutio vilipita mara mbili, vikaacha uji mweusi, kisha vikakwama. Wadudu walipenya kwenye matundu ya hewa, wakaingia puani na kwenye nyusi, na sauti yao ilikuwa mlio mmoja mwembamba usio na mwisho.

"Tusimame," alisema Bwire. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya usukani.

"Kichoranjia hakitumii macho, mzee. Kwake yeye hili wingu halipo."

Bwire alimtazama, kisha akaondoa mkono wake taratibu.

Kwenye kioo, Mlango wa Kasisa ulionekana wa samawati, wazi kama barabara ya lami. Sauti tulivu ya mashine ilisema, "Kina chini ya boti ni sentimita hamsini. Njia ni salama."

Ndipo boti ikagonga.

Haikuwa kishindo kikubwa. Ilikuwa sauti ndefu ya kukwaruza, iliyoanza chini ya miguu yao na kwenda mpaka nyuma, na sakafu ikainuka upande mmoja. Tekla alianguka juu ya meza. Kikombe kilivunjika. Vitanda vya hospitali vilihama kwa pamoja na kugonga ukuta. Faraja ilikuwa imekaa juu ya jiwe, imeinama, haiendi mbele wala nyuma, na propela zake bado zilizunguka.

"Kina chini ya boti ni sentimita hamsini," ilisema mashine. "Njia ni salama. Tunaendelea."

Bwire alipiga swichi nyekundu kwa ngumi. Propela zikanyamaza. Damu ilimtoka kwenye paji la uso na visubi walikuwa wakinata ndani yake, lakini hakuifuta.

"Injinia," alisema, "kwenye mzamo uliandika ngapi?"

Mzamo ni kiasi cha boti kinachokaa ndani ya maji. Ni namba ambayo nahodha huiandika siku boti inaposhushwa.

"Mita moja na sentimita sitini. Nilipima mwenyewe kwa tepu. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo," alisema Bwire. "Boti yangu ya zamani mzamo wake ulikuwa mita moja na nusu. Unajua niliandika ngapi? Mbili."

"Kwa nini?"

"Ili hiki kichoranjia chako kisinipitishe kwenye maji mafupi. Kikidhani boti yangu ni nzito, kitanipeleka kwenye kina. Tuliwaomba mtuongezee nafasi chini ya boti. Mkatujibu kwa barua kwamba sentimita arobaini zinatosha, tena mmeifunga hiyo sehemu, hatuwezi kuigusa. Namba pekee mliyotuachia ni mzamo. Basi tukaweka nusu mita yetu hapo. Sisi kwa sisi tunaiita nusu ya woga."

"Mliofanya hivyo ni wangapi?"

"Uliza ni nani hakufanya."

Ile barua aliiandika Tekla mwenyewe. Aliikumbuka mpaka sentensi aliyojivunia, kwamba woga si kipimo. Alisimama katika giza lile la mchana, akaanza kuhesabu kichwani. Sona hukaa chini kabisa tumboni mwa boti, kwa hiyo hupima tu maji yaliyo chini yake. Ili kupata kina chote, Ramani huchukua mwangwi na kuongeza mzamo. Nahodha akiongeza nusu mita ya uongo kwenye mzamo, nusu hiyo huingia kwenye mchoro, na ziwa huonekana lina maji mengi kuliko yaliyopo. Boti elfu nne, miaka mitatu. Ramani ya Wote ilikuwa imeishusha sakafu yote ya ziwa kwa nusu mita.

Na hakuna aliyeumia, kwa sababu wote walidanganya sawasawa. Ziwa lilizidishwa nusu mita na kila boti ilizidishwa nusu mita, uongo ukafuta uongo. Hatari ilikuwa ikimngoja mtu wa kwanza ambaye angesema kweli. Na Tekla ndiye aliyekwenda bandarini na tepu yake, akaandika kweli kwenye boti mbili. Hii, na ile iliyokuwa ikija.

Kwenye kioo, kitone cha Zawadi kilikuwa kimebakiza mita mia tisa kufika Mlango wa Kasisa. Kilikuwa kinakuja kwenye mstari ule ule.

Alinyakua redio. "Zawadi, Zawadi, hapa Faraja. Kizito, simamisha boti. Simama hapo hapo ulipo."

Nahodha Kizito alikuwa kijana wa umri wake, mwanafunzi bora katika darasa la manahodha alilolifundisha Tekla. "Faraja, nakusikia. Kuna nini, Injinia?"

"Tumegonga jiwe. Ramani ina makosa."

Kisha akamsikia Kizito akiiuliza mashine yake, na mashine ikajibu kwa sauti ile ile tulivu: "Taarifa ya mwamba imetoka boti moja. Vipimo elfu kumi na mbili vinaipinga. Taarifa haijathibitishwa. Njia ni salama."

"Umesikia, Injinia? Labda mmegonga gogo."

"Si gogo! Kizito, angalia mwangwi wa sona yako, mwangwi mtupu, usiangalie mchoro."

"Nauangalia wapi? Boti hizi mpya hazina hicho kioo. Ulisema kinatutisha bure."

Ni kweli, alikuwa amesema hivyo. Alikiondoa kwa huruma, ili manahodha wasikae saa nzima wakitetemeka kwa kila samaki anayepita.

"Basi nakuamuru usimame."

"Siwezi." Sauti ya Kizito ilipanda. "Nina mama huku ameshikwa na uchungu mapema. Anatoka damu. Nesi anasema kila dakika ina maana. Nje sioni hata pua ya boti yangu, na wewe unataka nisimame humu kwa sababu ya boti moja? Si wewe uliyetufundisha? Ulituambia nahodha mmoja akipiga kelele, tusikilize wengi."

"Niliwafundisha vibaya."

"Dakika tatu niko ng'ambo. Nisamehe, Injinia." Redio ikakatika.

Mita mia sita. Hakukuwa na kitufe cha kuisimamisha boti kutoka mbali. Waliokataa kukiweka walikuwa na sababu nzuri, ili mhalifu asije akaiteka boti akiwa nchi kavu. Bwire alisimama ameegemea ukuta ulioinama, midomo yake ikitembea bila sauti. Tekla alitoa simu mfukoni na kumpigia Nyabise.

"Haa, wifi!" Nyabise aliitikia, na nyuma yake mwanamke alikuwa akipiga mayowe. "Hata majini unanikagua? Kaka yako ndiye amekutuma? Mwambie mzigo wake upo, unapiga mateke tu. Ila kuna mwenzetu huku..."

"Nyabise, nisikilize. Uko karibu na mlango wa nyuma?"

"Nimeukalia hapa. Kuna nini? Mbona unahema?"

"Ufungue."

"Niufungue? Nje kuna visubi kama pilipili ya unga. Umelewa?"

"Mlango ukifunguka, boti inazima yenyewe. Mtagonga jiwe, wifi. Sisi tumeshagonga. Nahodha haniamini mimi, anaiamini ramani."

Tekla alisikia pumzi ya Nyabise, karibu kabisa na sikio.

"Ulisema hakuna jiwe," Nyabise alisema hatimaye, polepole.

"Nilisema."

"Nikaja kwa ajili yako."

"Najua. Ufungue, Nyabise. Nakuomba. Vuta ule mpini mwekundu kwa nguvu zako zote."

Simu ilianguka chini. Tekla alisikia mtu akifoka, "Mama, acha huo mpini!" Akasikia chuma kikigonga chuma, kisha mlio mwembamba wa visubi ukajaa ndani ya simu, na ndani ya mlio huo wanawake wakikohoa, wakilia, wakiita majina ya watoto wao walioachwa visiwani.

Kwenye kioo, kitone kilikuwa mita mia moja na hamsini kutoka kwenye jiwe. Boti ikizima injini haisimami kama mtu anayetembea, huteleza. Mita mia moja na ishirini. Mia moja. Tekla alikuwa ameuma kiganja chake bila kujijua. Sabini. Hamsini. Bwire alisema kwa sauti ya chini, "Punguza mwendo, punguza mwendo," kana kwamba kitone kingemsikia. Thelathini na tano. Thelathini. Thelathini.

Thelathini.

"Injinia Tekla!" Ilikuwa sauti ya Kizito kwenye redio, inakohoa na kutetemeka kwa hasira. "Huyu mwanamke wako ameniharibia boti! Wadudu wamejaa, nesi haoni anachokishika..."

Bwire alichukua redio mkononi mwa Tekla. "Mwanangu, ni Bwire. Una kamba?"

"Kamba ya nini, mzee?"

"Chukua kamba, funga spana kubwa mwisho. Ishushe mbele, puani. Ikigusa chini, itoe uipime kwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Fanya hivyo tu, kisha utukane unavyotaka."

Ilichukua dakika mbili. Aliyerudi kwenye redio alikuwa Nyabise.

"Mimi ndiye niliyeshika kamba, nahodha anashika tochi," alisema. "Mikono mitatu na kidogo. Na spana imerudi na mikwaruzo ya jiwe."

Boti ile ilihitaji mikono mitatu na nusu ili tu ielee. Kwa nyuma alisikika Kizito akisema, "Mungu wangu."

Tekla aligeuza redio kwenye mkondo unaosikika ziwa zima. Hakutafuta maneno.

"Manahodha wote. Hapa ni Mhandisi Tekla Maregesi, wa Ramani ya Wote. Ramani ni ya uongo. Kila mmoja wenu alijiongezea mzamo kwa kuwa tulikataa kuwasikiliza, na mimi ndiye niliyekataa. Sitamshitaki mtu. Nataka tu mniambie. Uliongeza kiasi gani?"

Mlio wa visubi tu. Kisha sauti ya mzee, kutoka mbali sana: "Nusu mita." Akaja mwingine: "Shubiri mbili." Mwanamke mwenye kivuko cha magari akasema, "Mita nzima. Nilishazamisha mara moja, sikutaka tena." Kisha zikaja nyingi kwa pamoja, zikikanyagana, na Tekla akatambua kwamba hazifanani. Alikuwa ametumaini kupata namba moja, aiondoe, kila kitu kirudi sawa. Lakini kila mtu alikuwa ameogopa kwa kipimo chake, wengine walibadilisha kila mwaka, wengine hawakukumbuka, na woga wote huo ulikuwa umechanganyikana ndani ya mchoro mmoja. Hakuna hesabu ingeweza kuutenganisha.

"Sasa njia salama ni ipi?" mtu aliuliza.

Mashine ilikuwa na rangi ya kina kirefu na rangi ya kina kifupi. Hawakuwahi kuipa rangi ya mahali pasipojulikana. Tekla alipiga magoti mbele ya kioo, akafungua sehemu ya ndani ya mfumo kwa neno lake la siri, na kuandika amri fupi. Kila kipimo ambacho mzamo wake haujahakikishwa, kifutwe.

Ziwa likaanza kuwa jeupe. Weupe ulianzia kwenye ghuba, ukapita visiwani, ukafunika njia za vivuko, ukaendelea mpaka ng'ambo ya mipaka, na vitone vya boti vilisimama kimoja kimoja ndani yake, elfu nne, kila kimoja peke yake.

"Injinia," Kizito aliita. Hakuwa na hasira tena, alikuwa akilia. "Huyu mama anaishiwa nguvu. Nirudi nyuma niende wapi? Nipite wapi?"

"Sijui," alisema Tekla. Ziwa zima lilimsikia. "Kizito, sijui."

Bwire akainama juu ya bega lake, akaisogelea redio. "Funga ule mlango, zima kichoranjia, geuza boti urudi ulikotoka. Washa propela pole kabisa, kama unasukuma kitanda cha mgonjwa. Wifi wa Injinia akae puani na kamba. Kila akishusha, aseme. Ikipungua chini ya mikono minne, simama."

"Mimi?" Nyabise alisema. "Mimi ninayeogopa maji?"

"Wewe hasa, mama," alisema Bwire. "Anza."

Tekla alibaki amepiga magoti. Visubi walimtambaa usoni na hakuwafukuza. Katikati ya weupe, nyuma ya kitone cha Zawadi, alama moja ya samawati ilijitokeza, ndogo kama punje ya mchele. Alikuwa ameiandika mwenyewe kwa mkono.

"Mikono sita," ilisema redio.

Punje ya pili.

"Mikono sita." Nyuma ya sauti ya Nyabise, yule mwanamke alipiga yowe refu, na nesi akamwambia asukume. "Mikono mitano."

"Pole pole," Bwire alisema.

"Mikono mitano." Kamba ilisikika ikivutwa, ikidondosha maji, ikishushwa tena. "Minne... ngoja. Ngoja, nipime tena."